Namna ya kulinganisha eneo la nchi au mkoa, mwaka hadi mwaka

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,707,410 katika Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,343,754. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba Mbeya imepungukiwa na watu zaidi ya laki tatu na nusu ndani ya miaka kumi, na wapo wasomaji watakaoanza kutafuta ugonjwa au njaa iliyowahamisha. Mwingine mwenye uangalifu kidogo atachukua eneo la mkoa, kilomita za mraba 35,954, agawanye hesabu zote mbili, aone msongamano umeshuka kutoka watu 75 hadi 65 kwa kila kilomita ya mraba. Wote wawili wamekosea. Msongamano wa Mbeya ulipanda, tena kwa kasi, kutoka watu 47 na nusu hadi 65.

Kilichotokea katikati ni kwamba Januari 2016 wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilitolewa Mbeya zikawa Mkoa wa Songwe. Watu wa 2012 walihesabiwa ndani ya mipaka mikubwa, eneo la 35,954 ni la mipaka midogo, na aliyegawanya moja kwa jingine amegawanya vitu visivyojuana. Ndani ya mipaka ya leo, Mbeya ya 2012 ilikuwa na watu 1,708,548. Songwe walikuwa 998,862. Jumlisha, utapata 2,707,410 ile ile.

Mbinu ninazozieleza hapa zitamfaa ofisa mipango wa halmashauri, mwalimu wa jiografia, mwanahabari, au mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Nyanda za Juu Kusini. Zinafanya kazi kwa nchi nzima na kwa kata moja. Nazitilia mkazo kwa sababu takwimu ya eneo ndiyo inayokaa chini ya mstari katika karibu kila hesabu ya maendeleo: watu kwa kilomita, ng'ombe kwa hekta, umbali wa kwenda zahanati. Ikikosewa hiyo, vyote vilivyo juu yake vimekosewa.

Kwanza uliza: maji yamo au hayamo?

Eneo la nchi lina maana mbili zinazotumika sana. Eneo lote ni nchi kavu pamoja na maji ya ndani, yaani maziwa, mito na mabwawa. Eneo la nchi kavu huyaacha maji hayo nje. Kwa nchi kama Misri tofauti ni ndogo. Kwa Tanzania, yenye sehemu ya maziwa ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa, tofauti ni kubwa kuliko mkoa mzima. Takwimu za kimataifa huipa Tanzania kilomita za mraba 947,300, na kati ya hizo 885,800 ni nchi kavu. Zaidi ya 61,000 ni maji.

Jaribu mwenyewe kwa sensa ya 2022, iliyohesabu Watanzania 61,741,120. Ukigawanya kwa eneo lote, unapata watu 65 kwa kilomita ya mraba. Ukigawanya kwa nchi kavu, unapata karibu 70. Watu ni wale wale na mwaka ni ule ule. Kama ripoti ya mwaka jana ilitumia njia ya kwanza na ya mwaka huu ikatumia ya pili, mtu atasema nchi imejaa ghafla. Kwa msongamano wa watu, tumia nchi kavu, maana hakuna anayejenga juu ya ziwa. Kwa ukubwa wa nchi kama nchi, tumia eneo lote. Vyovyote utakavyochagua, liandike neno hilo kwenye kichwa cha safu ya jedwali lako, lisibaki kichwani mwako.

Jaribio la kujumlisha

Mkoa unapogawanywa, maeneo ya vipande yakijumlishwa yanapaswa kurudi kwenye eneo la mkoa wa zamani. Ni jaribio la dakika mbili, nalo hufichua mengi. Nyanda za Juu Kusini zina mifano miwili mizuri kwa sababu Iringa iligawanyika 2012 ikazaa Njombe, na Mbeya 2016 ikazaa Songwe.

Anza na Iringa. Iringa ya leo hutajwa kuwa na kilomita za mraba 35,503, na Njombe 21,347. Jumla ni 56,850. Sasa fungua maelezo ya zamani ya Mkoa wa Iringa, utakuta tarakimu mbili: 58,936 na 56,864. Ya kwanza ni eneo lote, ya pili ni nchi kavu. Jumla yetu imeikaribia ya pili kwa tofauti ya kilomita 14 tu, na imeachana na ya kwanza kwa zaidi ya 2,000. Kwa hiyo umeshajua kitu ambacho jedwali halikukuambia: takwimu za Iringa na Njombe za leo ni za nchi kavu. Sehemu ya Ziwa Nyasa iliyo upande wa Ludewa haimo.

Nenda Mbeya ufanye vivyo hivyo. Mbeya 35,954 na Songwe 27,656 ni jumla ya 63,610. Orodha ya zamani ya takwimu za mikoa iliipa Mbeya nchi kavu ya 60,350, kwa hiyo kuna ziada ya 3,260. Lakini maelezo mengine ya mkoa ule ule wa zamani yanasema eneo lote lilikuwa 63,617, nchi kavu 61,783 na maji 1,834. Hapo jumla yetu inakaribia eneo lote kwa tofauti ya kilomita 7. Maana yake takwimu za Mbeya na Songwe zina maji ndani.

Tazama basi kilichojificha. Mtu akichora jedwali la mikoa ya kusini leo, ataweka Mbeya 35,954 na Iringa 35,503 mstari kwa mstari, aseme mikoa hii inakaribiana sana kwa ukubwa. Kumbe moja imepimwa na maji, nyingine bila maji. Usiziweke kwenye safu moja kabla hujaziweka kwenye kipimo kimoja. Na ona pia kwamba nchi kavu ya Mbeya ile ile imetajwa kuwa 60,350 mahali pamoja na 61,783 pengine. Hakuna ardhi iliyoongezeka hapo. Hesabu mbili zilizofanywa kwa njia tofauti zimeachana kwa asilimia mbili na zaidi kidogo, na tofauti ya kiasi hicho kati ya chanzo na chanzo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mabadiliko ya asilimia mbili kutoka vyanzo viwili tofauti usiyaite mabadiliko.

Chagua mipaka ya mwaka mmoja, uishikilie

Huwezi kufuata mkoa kwa miaka hamsini kwa jina lake. Jina hubaki, mipaka husogea. Wakati wa Waingereza, Iringa na Mbeya zilikuwa ndani ya jimbo moja, la Nyanda za Juu Kusini. Baada ya Uhuru zikawa mikoa miwili. Mwaka 1974 Sumbawanga ikaondoka Mbeya kwenda kuunda Mkoa wa Rukwa pamoja na Mpanda iliyotoka Tabora. Halafu 2012 Njombe, halafu 2016 Songwe. Sensa zetu zilifanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Weka orodha hizi mbili kando kwa kando, utaona kwamba Mbeya ya 1967, Mbeya ya 1978 na Mbeya ya 2022 ni maeneo matatu yenye jina moja. Iringa ya 2002 na Iringa ya 2012 nazo ni mbili.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuyarudisha yote nyuma: jumlisha Mbeya na Songwe kwa miaka ya karibuni ili upate Mbeya kubwa kama ilivyokuwa kuanzia 1978 hadi 2012. Ni rahisi na haihitaji ramani. Watu wa Mbeya kubwa walikuwa 2,707,410 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,343,754 Mbeya na 1,344,687 Songwe, jumla 3,688,441. Ongezeko hilo ni la kweli. Ya pili ni kuyaleta yote mbele, kwenye mipaka ya leo. Hii ni ngumu zaidi, kwa sababu lazima ushuke hadi wilaya, pengine hadi kata, ujue kila moja sasa iko wapi. Wilaya ya Songwe, kwa mfano, ilikuwa sehemu ya Chunya, kwa hiyo “Chunya” ya sensa za zamani haiingii nzima nzima katika Mbeya ya leo. Aliyeiingiza nzima atakuwa ameongeza watu na ardhi ya mkoa mwingine.

Ushauri wangu: kama unaandika kwa ajili ya bajeti au mipango, beba mzigo wa njia ya pili, maana zahanati itajengwa ndani ya mipaka ya leo. Kama unaandika historia, njia ya kwanza inatosha.

Kwa tarehe za mipaka usitegemee kumbukumbu za watu wala siku ya sherehe za kuzindua mkoa. Tafuta Tangazo la Serikali lililochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, uandike namba na mwaka wake, na usome kwa makini linabadilisha mpaka upi. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa 1964, kwa mfano, ilipanuliwa kuingiza Usangu, wilayani Mbarali, kwa Tangazo Namba 28 la 2008 na kufikia kilomita za mraba 20,226. Mikoa ya Mbeya na Iringa haikupungua hata mita moja kwa tangazo hilo, kwa kuwa hifadhi iko ndani ya mikoa. Kilichopungua ni ardhi ambayo mkulima wa mpunga au mfugaji wa Mbarali anaweza kuitumia. Ukitaka kueleza shida ya ardhi Mbarali kwa kutumia eneo lote la wilaya, hutaiona.

Kwa nchi nzima kanuni ni ile ile. Jedwali la kimataifa likikuonyesha Tanzania ina 947,300 tangu 1961, kumbuka kwamba Desemba 1961 iliyopata uhuru ni Tanganyika, na Zanzibar iliungana nayo tarehe 26 Aprili 1964. Waandaaji wameirudisha mipaka ya leo nyuma, jambo la busara, ila lazima msomaji alijue. Sudan ni kinyume chake. Jedwali lake linashuka kutoka zaidi ya milioni mbili na nusu hadi chini ya milioni 1.9, na sababu ni kuzaliwa kwa Sudan Kusini mwaka 2011.

Chunguza tarakimu inayojifanya sahihi mno

Vitabu vingi vya shule vimefundisha kwamba Tanzania ina kilomita za mraba 945,087. Tarakimu hiyo inaonekana kama imepimwa hadi kilomita ya mwisho. Igawanye kwa 2.589988, ambayo ni kilomita za mraba zilizomo katika maili moja ya mraba. Jibu ni 364,900, karibu bila baki. Hiyo ni dalili kubwa kwamba mtu aliwahi kuwa na namba ya maili iliyokadiriwa hadi mia, akaigeuza kuwa kilomita, na tangu hapo ule usahihi wa 87 mwishoni ukabebwa kizazi hadi kizazi. Tofauti ya kama 2,200 kati yake na 947,300 isikushtue, wala usiandike kwamba nchi imekua.

Fanya ugeuzaji huo kila unapokutana na takwimu ya kabla ya miaka ya sabini. Ikigeuka kuwa maili za mviringo, ichukulie kama makadirio. Ukikutana na ekari, kilomita ya mraba moja ina ekari 247, na hekta ni ekari 2.47.

Ukipima mwenyewe kwa kompyuta

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mipaka ya kidijitali inayotumika kwenye sensa, na programu ya QGIS ni ya bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kupima mkoa ndani ya saa moja. Makosa ni matatu, na yote yanazuilika.

La kwanza ni kupima juu ya ramani ya mtandaoni iliyonyooshwa. Ramani zinazoonekana kwenye simu hupanua nchi kadiri zinavyoondoka Ikweta. London huonekana kubwa zaidi ya mara mbili na nusu. Kwetu, kwenye nyuzi 8 au 9 kusini, kosa ni kama asilimia 2, dogo kiasi cha kutoshtukiwa, lakini kwa Mbeya ni zaidi ya kilomita za mraba 700. Iambie programu ipime kwa umbo halisi la dunia, au tumia projeksheni inayotunza eneo. Mfumo wa UTM, zoni ya 36 kusini, unafaa kwa sehemu kubwa ya mikoa hii, ingawa nao hupunja kidogo karibu na Jiji la Mbeya na kuzidisha kidogo mashariki mwa Iringa. Kwa shamba au kijiji hutaona tofauti. Kwa mkoa, pima kwa umbo halisi la dunia.

La pili ni kuchanganya ramani za zamani na za sasa. Ramani za mfululizo wa Y742, za kipimo cha 1:50,000, zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati GPS ya simu inatumia WGS84. Mahali pale pale hupishana kwa takribani mita 300. Ukiweka mpaka wa zamani na mpya juu ya karatasi moja bila kugeuza mfumo, mpaka wa mashariki–magharibi wenye urefu wa kilomita 100 utakuzalishia kipande cha kilomita za mraba 30 ambacho hakipo duniani. Watu wamegombana kwa vipande vidogo zaidi ya hicho.

La tatu linawahusu hasa watu wa milimani. Eneo kwenye ramani ni la bapa, kama kivuli cha ardhi jua likiwa utosini. Mteremko wenyewe ni mkubwa zaidi. Shamba lenye mwinamo wa nyuzi 30 lina uso mkubwa kwa asilimia 15 kuliko lile linaloandikwa kwenye hati. Mkulima wa viazi chini ya Mlima Rungwe au kwenye miinuko ya Makete akikuambia kamba yake imetoa ekari nyingi kuliko za mpima ardhi, msikilize: amepima juu ya udongo, mpima amepima bapa, na wote wanaweza kuwa sahihi. Kwa takwimu za nchi na za sheria tumia bapa. Kwa mbegu, mbolea na vibarua, kipimo cha mkulima kina faida yake.

Ardhi inapobadilika kweli

Baada ya kuondoa makosa yote hayo ndipo unaweza kuuliza kama kuna kitu kimebadilika chini ya miguu yetu. Kwa Nyanda za Juu Kusini na pembezoni mwake, jibu ni ndiyo, mahali kadhaa.

Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, kwa hiyo hutanuka na kusinyaa kwa mvua na jua. Mwaka 1929 lilikuwa na urefu wa kilomita 48 hivi. Mwaka 1939, miaka kumi tu baadaye, lilikuwa na urefu wa kama kilomita 128 na upana wa 32. Eneo lote la nchi halikubadilika, ila maelfu ya kilomita za mraba yalihama kutoka safu ya nchi kavu kwenda safu ya maji. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilijengwa kati ya 1975 na 1979, na likijaa hufunika karibu kilomita za mraba 660. Takwimu ya nchi kavu ya Iringa isiyosema ni ya kabla au baada ya Mtera ina kasoro hiyo ndani yake.

Maji hupimwa kwa picha za setilaiti. Picha za Landsat zipo tangu 1972, na kuanzia 1982 zikawa na ubora wa mita 30. Za Sentinel-2, za mita 10, zilianza 2015. Jambo la kushika ni msimu. Kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ukilinganisha picha ya Mei ya mwaka mmoja na ya Oktoba ya mwaka mwingine, utagundua ukame ambao haukuwepo. Chagua mwezi mmoja, urudie mwezi huo huo kila mwaka. Oktoba ina faida ya anga lisilo na mawingu. Kama unataka kilele cha maji, tafuta siku safi ya Mei au Juni.

Mto Songwe unahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu huo ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao huhama. Kwenye tambarare ya Kyela mto hupinda, hukata kona, na baada ya mafuriko shamba lililokuwa upande huu hujikuta ng'ambo. Serikali mbili zina mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, na kuuzuia mto usihamehame ni mojawapo ya malengo yake. Kwa mpimaji, chora njia ya mto kwa kila mwaka wa picha na uandike tarehe, lakini usitoe hukumu ya mpaka kwa picha yako. Mto kuhama ni jambo la setilaiti. Mpaka kuhama ni jambo la mikataba.

Ndivyo ilivyo pia kwa Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ndio Malawi inaoutegemea kusema mpaka unapita ufukweni kwetu. Tanzania inashikilia kwamba unapita katikati ya ziwa. Eneo lote la Malawi, 118,484, lina maji ya ndani zaidi ya 24,000, kiasi ambacho hakiwezekani bila kuhesabu maji hadi ufukwe wa Kyela na Ludewa. Kwa hiyo ukijumlisha maeneo yote ya nchi za Afrika kutoka vyanzo vya kila nchi, kuna maji yatakayohesabiwa mara mbili. Njia ya uaminifu ni kutoa takwimu ya nchi kavu, isiyo na ubishi huo, kisha maji kando, ukisema umefuata mpaka wa nani.

Kwa kila tarakimu utakayoihifadhi, andika mambo sita kwenye mstari huo huo: jina la mahali, mipaka ya mwaka gani, maji yamo au hayamo, chanzo, kipimo cha awali kama kilikuwa maili au kilomita, na njia ya kupima. Kwa Mbeya mstari wangu unasomeka hivi: Mkoa wa Mbeya; mipaka ya baada ya Januari 2016; 35,954; maji yamo, kwa ushahidi wa jumla ya Mbeya na Songwe; takwimu rasmi; haikupimwa upya. Kwa Iringa: mipaka ya baada ya 2012, 35,503, maji hayamo, kwa ushahidi wa jumla ya Iringa na Njombe, takwimu rasmi, haikupimwa upya. Safu ya tano nimeiacha wazi kwa mikoa yote miwili hadi nitakapoiona karatasi ya kwanza iliyoandikwa namba hizo.